Vizibo, Madumu na Magazeti Makuukuu: Maswali Yenu Kuhusu Sanaa ya Vitu vya Kila Siku

Barua za safari hii zimelalia upande mmoja. Wasomaji wengi wameweka brashi kando, wameshika vizibo, madumu, magazeti na vyuma chakavu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Wahariri, salaam. Nimesoma kwamba msanii Marcel Duchamp alinunua chombo cha kukojolea dukani, akakiita sanaa, na leo kinafundishwa vyuoni. Mimi nikiweka ndoo ya maji juu ya stuli watu watacheka. Tofauti iko wapi?
Mwenye Mashaka

JIBU: Hata yeye hawakumpigia makofi. Mwaka 1917 jumuiya moja ya wasanii jijini New York iliandaa maonyesho yasiyo na jopo la kuchuja: ukilipa ada, kazi yako inapokelewa. Duchamp akapeleka chombo hicho cha kauri kikiwa kimelazwa chali, kimetiwa sahihi ya uongo, «R. Mutt 1917», na kimepewa jina la Chemchemi. Waandaaji wakakataa kukionyesha, sheria yao wenyewe ikiwasuta. Chombo chenyewe kilipotea. Kilichobaki ni picha aliyoipiga Alfred Stieglitz, na nakala ambazo msanii aliziidhinisha miaka mingi baadaye, zikiwemo za mwaka 1964.

Ukihesabu kazi ya mikono, hakuna kubwa. Ukihesabu maamuzi, yapo manne: alichagua kitu, akakigeuza kikapoteza matumizi yake, akakipa jina linalopeleka akili kwingine, akakiingiza mahali ambapo kilikuwa swali. Ndoo yako juu ya stuli ina uamuzi mmoja tu, nao umeshafanywa na mwingine zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Lakini njia ya kuchagua na kuhamisha si pekee. Mwaka 1942 Picasso aliunga siti ya baiskeli na usukani wake, kikatokea kichwa cha fahali. Viungo ni viwili, na bado unaona vitu vyote vitatu kwa wakati mmoja: siti, usukani, mnyama. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell's, moja kwa kila ladha iliyokuwa ikiuzwa. Ungeona kopo moja tu, ungeona mchoro wa kopo. Makopo 32 yanakuonyesha duka.

Kabla hujaongeza kitu chochote kwenye ndoo yako, fanya zoezi hili. Ipige picha pande zote sita, ikiwemo ya chini, ambayo hakuna anayeitazama. Washa taa moja tu ubavuni, chumba kikiwa na giza, uangalie kivuli. Ipindue. Iweke karibu na kitu ambacho hakijawahi kukaa nayo. Andika majina matano ya kuipa, kisha futa mawili ya kwanza, maana hayo ndiyo ambayo kila mtu angeyafikiria. Kama bado haijakuambia kitu, jaribu wingi. Kwa uzoefu wa watu wengi wa fani hii, vitu kumi vinavyofanana huonekana kama akiba ya stoo. Vikipita mia jicho huacha kuhesabu, likaanza kuona umbo.

SWALI: Nimekusanya ndoo mbili za vizibo vya soda, nataka kutengeneza pazia mfano wa kazi za El Anatsui. Nilitoboa kwa msumari, nikaunga kwa waya wa shaba. Baada ya miezi michache kila tundu lina kutu, na waya unakatika palepale kwenye kizibo. Yeye anafanyaje?
Mfuma Vizibo

JIBU: Wewe na yeye hamtumii kitu kimoja. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi huko Nsukka, Nigeria, hutumia zaidi vifuniko vya kuzungusha vya chupa za pombe kali pamoja na ule mkanda wa shingoni. Hivyo ni vya alumini: laini, vyepesi, hukatwa kwa mkasi, hukunjwa kwa vidole, na havishiki kutu nyekundu. Vinabapwa, vinakunjwa, vinasokotwa au vinakatwa pete, kisha kundi la wasaidizi linaviunga kwa waya wa shaba, kipande kwa kipande. Kizibo cha soda chenye meno 21 ni chuma, kilichopakwa tabaka jembamba mno la stani au kromu ili kisishike kutu. Msumari wako unapasua tabaka hilo. Chuma kinabaki uchi tunduni, ndiyo maana kutu huanzia hapo hapo na si kwingine. Pakiwa na unyevu, shaba inayogusa chuma huharakisha uozo huo. Na unyevu haupungui kama kizibo hakikuoshwa, kwa sababu sukari iliyobaki chini ya ukingo huvuta maji ya hewani. Huvuta na sisimizi pia, lakini hilo ni shauri lingine.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiruke hatua. Loweka vizibo katika maji ya moto yenye sabuni kwa dakika kumi au zaidi. Hapo ule utando wa plastiki wa ndani hulegea, uutoe kwa ncha ya bisibisi. Ukiwa na haraka unaweza kuuacha, ila usijaribu kuuunguza: baadhi una klorini na moshi wake ni mbaya. Suuza, kausha siku hiyo hiyo juani au penye feni. Vikilala na maji usiku kucha kutu inakutangulia.

Sasa kutoboa. Chukua kipande cha mbao ngumu, chonga shimo la duara linalokizuia kizibo kisicheze, utie alama nne za matundu, milimita 3 au 4 kutoka ukingo wa uso wa juu. Toboa ukianzia upande wenye maandishi kwenda ndani, ili zile ncha kali zinazochomoza zibaki nyuma. Keekee yenye ncha ya milimita 1.5 au 2 ni bora kuliko msumari, maana msumari huacha ukingo uliochanika mfano wa msumeno. Ukingo huo ndio unaokukatia waya. Hata ukitumia keekee, chukua ncha nene zaidi, kama milimita 5, uizungushe kwa mkono mara moja nyuma ya kila tundu kuondoa ukali.

Baada ya kutoboa, si kabla, vipake vizibo vyote vanishi nyepesi isiyo na rangi. Njia rahisi ni kuvitumbukiza kwenye wavu, kuvikung'uta na kuvitandaza visigusane. Vanishi ikiwa nzito huziba matundu. Ipunguze makali kwa kimiminika kinachoendana nayo kama maelekezo ya kopo yanavyosema.

Waya nao hukatika kwa sababu ya pili: umekazwa mno na umesokotwa mara nyingi. Shaba inayopindwa mahali pamoja huzidi kuwa ngumu hadi ikavunjika. Tumia waya laini wa milimita 0.5 au 0.6, acha pengo kidogo kati ya kizibo na kizibo ili kitambaa kipinde, sokota mara mbili au tatu tu, ukate, ulaze ncha nyuma. Ikiwa kazi itakaa nje au penye hewa ya bahari, acha shaba, chukua waya wa chuma kisichoshika kutu.

Hesabu ya kukusaidia kupanga: ukichukulia kila kizibo kinakula nafasi ya milimita 33, mraba wa karibu mita moja kwa mita moja ni vizibo 30 kwa 30, yaani 900. Mafundo ya kuviunga ni 1,740, na kila fundo likila sentimita 6 za waya, unahitaji takriban mita 105. Usifume mraba huo mzima kwa mkupuo. Fuma vipande vya 10 kwa 10, vitandaze sakafuni, vihamishe-hamishe hadi rangi zikae unavyotaka, ndipo uunge. Ukianza kuunga moja kwa moja bila kutandaza, rangi zitajipanga kwa bahati ya ndoo.

Uzito usikutishe: kizibo kimoja ni gramu mbili na kitu, hivyo mraba huo hauzidi sana kilo mbili na waya wake. Shida ni kwamba uzito wote huning'inia kwenye safu ya juu. Iunge safu hiyo kwa waya mara mbili, na uifunge kwenye ufito wa mbao kila sentimita 10. Halafu usiinyooshe kama shuka kitandani. Kazi za Anatsui hazina umbo moja la kudumu. Wanaozitundika huruhusiwa kuzikunja na kuzipandisha upya kila zinapoonyeshwa. Mikunjo ndiyo inayofanya chuma kionekane kitambaa. Pazia lililonyooka ukutani hubaki kuwa vizibo vingi.

SWALI: Shikamooni wahariri. Ninatengeneza kolaji kwa picha za magazeti juu ya kadibodi. Matatizo yangu ni matatu: karatasi inafura mapovu, kadibodi inajipinda kama kigae, na picha za gazeti zimegeuka njano ndani ya mwaka. Nikichapisha picha kwa printa ya nyumbani, rangi inachuruzika nikipaka gundi.
Mwanafunzi wa Sanaa

JIBU: Marahaba. Umetaja matatu, tunaona manne, na yote isipokuwa njano yanatokana na maji.

Karatasi ikilowa hutanuka, na hutanuka zaidi kukatisha mwelekeo wa nyuzi zake kuliko kuufuata. Ukiibandika ikiwa kavu, inaanza kutanuka ikiwa tayari imeshikwa pembeni, haina pa kwenda, inafura. Dawa ni kuitanua kabla. Ipanguse mgongoni kwa sponji yenye unyevu, subiri dakika mbili au tatu hadi ilegee na kulala, ndipo upake gundi. Gundi nyeupe ya PVA, sehemu tatu kwa sehemu moja ya maji, inatosha. Paka kwa brashi kutoka katikati kwenda nje, hadi pembe. Laza, funika kwa karatasi isiyoshika gundi (ya kuokea inafaa), sukuma hewa kwa rola au kwa kiganja, tena kutoka katikati. Kisha weka ubao tambarare juu yake na mzigo wa kilo 5 hadi 10 kwa kazi ya ukubwa wa A3, usiku na mchana mzima. Wengi huinua ubao baada ya saa moja kuchungulia. Hapo ndipo pembe hunyanyuka.

Kadibodi inajipinda kwa sababu karatasi uliyobandika mbele inavuta ikikauka na nyuma hakuna kinachovuta. Bandika nyuma karatasi ya unene uleule, nyuzi zikielekea upande uleule, siku ileile. Kujua mwelekeo wa nyuzi chana pembe ya karatasi: upande unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio unaofuata nyuzi. Na uiache kadibodi ya maboksi. Ina mawimbi ndani, na nyingi zina asidi. Plaiwudi nyembamba iliyopakwa praima pande zote mbili ni ya kuaminika zaidi.

Njano ya gazeti haina tiba. Karatasi hiyo husagwa kutoka kwenye mti pamoja na lignini yake (kile kinachoshikiza nyuzi za mti), na lignini ikipigwa na mwanga na hewa hubadilika rangi na kuifanya karatasi iwe kavu ya kuvunjika. Una njia mbili za heshima. Ama upige nakala ya kipande hicho kwenye karatasi isiyo na asidi kwa mashine ya leza, ama ukubali kwamba njano ni sehemu ya kazi na uipange rangi yako ukijua itafika huko. Kioo cha kuzuia miale huchelewesha tu.

Printa ya wino nyumbani mara nyingi hutumia rangi inayoyeyuka kwa maji, ndiyo maana inachuruzika. Leza hutumia unga wa plastiki unaoyeyushwa juu ya karatasi, maji hayaudhuru. Unga huo una faida nyingine ambayo wasomaji wawili wameiulizia: unaweza kuuhamishia kwenye mbao au kitambaa. Chapisha picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Paka jeli ya akriliki juu ya mbao, tabaka la kama nusu milimita lililo sawa. Laza picha uso chini, sukuma hewa yote, acha ikauke kabisa, saa 12 kwa uchache na 24 penye unyevu. Lowesha mgongo wa karatasi, isugue kwa ncha za vidole, nyuzi zitatoka kwa vijipande. Usitumie kucha wala brashi ngumu. Ukidhani umemaliza, acha ikauke: utaona ukungu mweupe, ambao ni nyuzi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena, mara mbili au tatu. Ukungu wa mwisho huondoka kwa kupaka tabaka jembamba la akriliki angavu. Sehemu zenye mabaka matupu ni pale hewa ilipobaki au jeli ilipokuwa nyembamba. Kurasa zinazong'aa za majarida hazihamishiki vizuri, kwa kuwa zina tabaka la udongo mweupe chini ya wino. Chukua nakala ya leza kwanza.

Neno moja kuhusu kukata. Kingo nyeupe zinazoonekana kuzunguka picha huipa kolaji sura ya kazi ya haraka. Inamisha wembe kidogo ili ukate ukiingia chini ya picha, zungusha karatasi badala ya mkono, na upitishe penseli ya rangi inayofanana kwenye ukingo. Wembe mpya ni rahisi kuliko picha iliyochanika.

Na usichague mandharinyuma mwishoni. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ana mfululizo wa kolaji uliojengwa juu ya vielelezo vya zamani vya kitabibu vya maradhi ya wanawake. Nyuso alizozipanga juu yake, kwa vipande vya majarida, zinasimama juu ya karatasi ambayo tayari ina neno kuhusu mwili wa mwanamke na nani aliyeuchunguza. Angezibandika juu ya karatasi nyeupe, nusu ya kazi ingepotea.

SWALI: Natengeneza vinyago kwa madumu ya plastiki. Nimejaribu gundi za kila aina, hata ile ya matone inayoshika vidole. Zote zinabanduka kama ngozi ya kitunguu. Na je, ni salama kuyalainisha kwa moto?
Fundi Dumu

JIBU: Gundi si mbovu. Angalia chini ya dumu, kwenye pembetatu yenye namba. Ukikuta 2 au 4 ni polithini, 5 ni polipropilini. Plastiki hizi zina uso usiokubali kulowa: dondosha tone la maji uone linavyojikunyata. Gundi nayo hujikunyata vivyo hivyo. Kukwaruza kwa msasa husaidia kidogo tu. Acha kutafuta gundi, unga kwa vitu: ribiti za alumini za milimita 4 zenye washa nyuma, boliti ndogo, au mshono wa waya. Serge Attukwei Clottey wa Ghana hushona vipande vya madumu ya njano kwa waya hadi vikawa mashuka makubwa ya kufunika kuta. Mshono unaonekana, na unapendeza kuliko kificho chochote cha gundi.

Toboa angalau milimita 10 kutoka ukingoni. Kila mkato unaoishia katikati ya plastiki uanze kwa kutoboa tundu la milimita 4 pale utakapoishia, la sivyo ufa utaendelea wenyewe. Kabla ya yote kata ukanda mdogo, uupinde hadi ukutane. Ukigeuka mweupe na kupasuka, dumu hilo limekaushwa na jua. Litumie kwa pambo, lisibebe uzito.

Kuhusu joto: namba 2, 4 na 5 hulainika bila kuungua ukitumia mashine ya kupuliza hewa ya moto kwa umbali wa sentimita 10 hivi, ukiisogeza muda wote. Polithini ngumu huyeyuka karibu nyuzi 130 za selsiasi, polipropilini karibu 160. Ikianza kutoa moshi umeshapita. Msanii wa Afrika Kusini Mbongeni Buthelezi huchora picha nzima kwa njia hii, vipande vya plastiki vikilainishwa na kusambazwa kama rangi. Namba 3 (PVC) usiipashe kamwe, hutoa gesi ya asidi. Namba 6 nayo iache. Fanya kazi nje au penye upepo unaopita, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ile ya kitambaa au ya vumbi haizuii gesi. Moto wa jiko au mshumaa hapana: huunguza badala ya kulainisha.

Dumu lililobeba petroli tuliweke peke yake, kwa kuwa makosa yake hayarudiwi. Mvuke hujificha ndani ya plastiki hata baada ya kuosha, na cheche ya keekee ya umeme inatosha kuulipua. Kwa kazi ya joto au mashine lisitumike.

Romuald Hazoumè wa Benin ndiye aliyelifanya dumu kuwa uso: mdomo wa dumu ni mdomo wa mtu, mpini ni pua. Kazi yake La Bouche du Roi, iliyonunuliwa na British Museum mwaka 2007, ina vinyago 304 vilivyopangwa kwa kufuata mchoro maarufu wa meli ya watumwa Brookes. Madumu yenyewe ni ya aina iliyotumika kusafirishia petroli ya magendo kati ya Nigeria na Benin, mengine yakiwa yamepashwa moto na kuvimbishwa yabebe zaidi ya kiasi chake. Kwa hiyo hakuongeza habari ya mzigo na biashara. Aliikuta ndani ya dumu. Nawe jiulize dumu lako limebeba nini na kwa ajili ya nani, kabla hujalipaka rangi.

SWALI: Nikimaliza sanamu ya vyuma chakavu naipulizia rangi ya dhahabu ili iungane. Mwalimu wangu anasema nimeiua. Nani yuko sahihi?
Mchomeleaji

JIBU: Mwalimu, lakini si kwa sababu ya rangi moja. Louise Nevelson alijenga kuta nzima kwa miguu ya viti, nguzo za ngazi na masalio ya mbao, akazipaka zote nyeusi, baadaye nyeupe, na hata dhahabu. Ilimfaa kwa kuwa alipanga vipande ndani ya visanduku vyenye kina, na rangi ikaacha vivuli vifanye kazi. Rangi ya kupuliza inayong'aa hufanya kinyume: kila uso unarudisha mwanga, vivuli vinapotea, nati na mnyororo vinakuwa uji mmoja. Ukitaka rangi moja tumia isiyong'aa, na ujaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Kuna vyuma ambavyo hata hiyo vinaikataa. Msumbiji, mradi ulioanza mwaka 1995 uliwapa watu zana za kazi kwa kubadilishana na silaha zilizobaki baada ya vita, na wasanii wakapewa silaha hizo zikiwa zimekatwakatwa. Mmoja wao, Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi cha bunduki ambacho leo kiko British Museum. Mikwaruzo ya vitako, kutu, alama za mikono, vyote vimeachwa. Kukipaka dhahabu kungekifanya kiti tu.

Kuhifadhi kutu bila kuificha: sugua kwa brashi ya waya hadi unga uache kutoka, futa mafuta kwa spiriti, pasha chuma kidogo hadi kiwe vuguvugu, paka nta nyembamba, ukisugue kwa kitambaa kikipoa. Rudia kila mwaka kama kazi iko ndani. Nje nta haitoshi.

Na kwa kuwa unachomelea: bati na mabomba yaliyopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huo huo. Saga zinki hadi chuma kionekane pande zote za kiungo, au tumia boliti. Rangi kuukuu inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Usiisugue kavu wala kuichoma.

SWALI: Nikitumia picha ya mtu niliyoikuta kwenye intaneti, nikaikata na kuibadilisha, je, ni yangu? Wengine wanasema ukibadilisha asilimia 30 uko salama.
Mkata Picha

JIBU: Hiyo asilimia 30 haipo katika sheria yoyote tunayoijua. Msanii Jeff Koons amewahi kuangukia pande zote mbili mahakamani, Marekani. Mwaka 1992 alishindwa: alikuwa amegeuza picha ya Art Rogers, ya mume na mke na watoto wa mbwa, kuwa sanamu iliyofuata picha karibu kila kitu. Mwaka 2006 alishinda dhidi ya mpigapicha Andrea Blanch, kwa sababu alichukua miguu tu kutoka picha ya mitindo, akaitia ndani ya mchoro mkubwa wenye mambo mengine na kusudi lingine. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliupa ushindi upande wa mpigapicha Lynn Goldsmith dhidi ya taasisi inayosimamia kazi za Warhol. Picha yake ya mwanamuziki Prince ilikuwa imegeuzwa na Warhol, kisha taasisi hiyo ikaliuzia jarida ruhusa ya kuitumia, kazi ileile ambayo picha ya mwanzo ingeifanya. Rangi mpya haikutosha.

Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, ila maswali yanayoulizwa ni yaleyale: umechukua kiasi gani, kwa kusudi gani, na je, kazi yako inamnyang'anya mwenye picha soko lake? Ukitaka kulala usingizi, piga picha mwenyewe, omba ruhusa kwa maandishi, au tumia picha ambazo hakimiliki yake imekwisha. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kwa kazi nyingi, picha za kamera zikiwa na muda wake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kumbuka pia kwamba kununua jarida hakukupi haki ya picha iliyo ndani yake, kumekupa karatasi.

SWALI: Natumia maganda ya matunda na mkate. Vanishi gani itavizuia visioze?
Mpishi Msanii

JIBU: Hakuna. Vanishi hufungia unyevu ndani, ukungu unashukuru. Kausha kabisa kwanza, kwa joto dogo la nyuzi 50 hadi 60 kwa saa nyingi, na bado wadudu watakuja. Kazi iliyokauka ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, uigandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, kisha uiache irudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua mfuko.

Au ukubali uozo na uupange. Zoe Leonard alishona maganda ya matunda kwa nyuzi, zipu na vifungo katika miaka ya 1990. Njia ya kuyahifadhi ilipopatikana akaikataa. Yamo kwenye makumbusho ya Philadelphia yakiendelea kusinyaa. Vik Muniz huchora kwa chokoleti ya maji, hupiga picha, na picha ndiyo kazi. Maurizio Cattelan, kwa ile ndizi yake ya mwaka 2019 iliyobandikwa ukutani kwa utepe, huuza cheti na maelekezo, ndizi hubadilishwa. Chagua mapema unauza nini, kitu, picha au maelekezo, kwa maana mnunuzi atauliza.

SWALI: Kwenye kibao cha maonyesho niandike nini mbele ya neno «vifaa»? Nimeona wengi wanaandika «vifaa mchanganyiko».
Mshiriki Mpya

JIBU: Andika vitu vyenyewe: «vizibo vya chuma, waya wa shaba, ufito wa mbao». Vipimo vifuate urefu wa wima, upana, kina, kwa sentimita, na mwaka. «Vifaa mchanganyiko» haimwambii kitu mtazamaji, na mtu atakayeikarabati kazi miaka 20 ijayo hatajua ni gundi gani aiepuke. Nyuma ya kazi, au ndani ya bahasha inayosafiri nayo, weka karatasi ya pili: jina la gundi na vanishi, uzito, mchoro wa namna ya kuitundika wenye alama za skrubu, na kifurushi cha akiba. Kwa pazia la vizibo 900, akiba ya 30 na mita tano za waya uleule zinatosha.